Neno Alilolipeleka Baba kwa Mheshimiwa

Mikutano ya chama huko Kalembe ilifuata mpangilio uleule kila mara. Kwanza sala, kwa sababu prezida wa seksheni, yaani mwenyekiti wa tawi letu la chama, alikuwa pia shemasi. Halafu wimbo wa chama. Halafu ujumbe kutoka Kinshasa ulisomwa kwa Kifaransa, kisha ukaelezwa kwa Kiswahili kwa wale waliokuwa wamepiga makofi bila kuuelewa. Zikaja ripoti: ya michango, ya akina mama, ya vijana. Mwisho kabisa kilikuja kipengele tulichokiita diveri, yaani mengineyo, na humo ndimo lawama zote zilimotupwa. Mwenye neno juu ya uongozi alingoja diveri. Mara nyingi ilipofika, mawingu yalikuwa yamekwisha kushuka mlimani, mboga ya sombe imeiva kwenye sufuria, na watu wenye safari ya mbali wanatafuta viatu vyao.

Mimi sikuwa mwanachama. Nilikuwa nafanya kazi kwenye redio ndogo ya jamii huko Kitchanga, na nilikwenda kwenye mikutano ile nikiwa na kinasa sauti, nikakaa pembeni karibu na mlango. Nimehudhuria mikutano ya vyama vingi katika Masisi na Walikale, na vyote vilikuwa na diveri, na vyote viliiweka mwisho. Chama cha nyumbani kwetu hakikuwa kibaya kuliko vingine. Ninakijua zaidi kwa sababu mti wa bendera yake ulisimama uani kwetu.

Mti wenyewe ulikuwa mkaratusi. Baba aliukata yeye mwenyewe na kuuchimbia akiwa pamoja na prezida wa seksheni, siku walipoanzisha chama kijijini. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, alipandisha bendera, na jioni aliishusha, akaikunja na kuiweka juu ya kabati, mbali na panya. Hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo, wala hakuna aliyemwagiza.

Kalembe iko mpakani. Ukivuka kidogo upande huu uko Masisi, ukivuka upande ule uko Walikale. Nyumba yetu ilikuwa mpaka wa aina nyingine. Baba alizaliwa Burungu, kwenye vilima vya maharagwe na malisho. Mama alitoka msituni, Walikale, binti wa mwindaji. Seksheni nzima ilikuwa hivyo, nusu watu wa vilima, nusu watu wa msitu, na walitaniana bila kuchoka. Watu wa msitu walisema mtu wa Masisi hawezi kukuambia umekosea mpaka kwanza ale kwako. Watu wa vilima walijibu kwamba mtu wa Walikale anasema na mkubwa wake kama anavyoita mbwa wa kuwinda.

Utani huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Kwa upande wa baba, ukiwa na lawama juu ya mtu mkubwa, humwendei mbele ya watu. Unakwenda nyumbani kwake na kitu mkononi. Mnakula. Baada ya kunawa mikono ndipo unatoa neno lako, polepole, ili apate njia ya kujirekebisha bila kuaibika. Kwa upande wa mama, lawama inasemwa pale watu wote walipoketi, nyama ikiwa katikati, kila mtu asikie na kila mtu awe shahidi. Neno la kunong'onezana ndani ya nyumba, kwao, ni la mchawi au la mtu anayejitafutia cheo. Nilikua nikiona njia zote mbili mezani petu, na sikujua kwamba siku moja baba angepotelea kati yake.

Ulipokaribia wakati wa uchaguzi, chama kilitangaza kwamba msingi ndio utakaopendekeza wagombea. Katika chama, msingi maana yake ni watu wa vijijini kama sisi. Ilikuwa imeandikwa katika sheria zake, na prezida alitusomea mara mbili, kwa sauti ya kujivuna. Basi Jumapili moja baada ya misa, wanachama walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa shule, na kila mmoja akapanga mstari nyuma ya mtu aliyemtaka. Mstari mrefu kuliko yote ulikuwa nyuma ya muuguzi wa kituo cha afya, mwanamke mpole aliyewazalisha karibu wote waliokuwa na watoto wadogo pale. Aligeuka kutazama mstari wake, akafunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Jina lake likapelekwa Goma, kwenye makao ya chama.

Orodha iliporudi, jina lake halikuwamo. Mahali pake palikuwa na jina la mdogo wake Mheshimiwa. Mheshimiwa alikuwa mbunge wa chama chetu. Kwetu humwita mbunge Onorable, na yeye aliishi Goma. Mdogo wake alikuwa mfanyabiashara wa mabati hukohuko, mtu ambaye hakuna aliyekumbuka kumwona Kalembe. Prezida wa seksheni, ambaye ni binamu wa mama na mimi namwita mjomba, alikuwa mcheshi wa kijiji. Siku hiyo alisema kwamba mgombea wetu akifika Pinga, mji wa jirani, itabidi aulize Kalembe iko mu inchi gani. Watu walicheka, lakini ile diveri ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kunasa.

Watu wa msitu walitaka Mheshimiwa angojwe mpaka aje kufungua kampeni, aambiwe mbele ya wote. Baba aliomba neno. Alisema kiongozi ukimwaibisha mbele ya watu unamfunga masikio, na kwamba lawama ya watu wa ndani lazima itofautiane na matusi ya wapinzani, la sivyo mkubwa atajuaje nani anampenda. Mjomba alimuunga mkono. Mwishowe wakakubaliana kwamba baba ndiye apeleke neno la seksheni nyumbani kwa Mheshimiwa, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu na hana hasira.

Mama hakufurahi. Jioni ile, akiwa anamwaga maharagwe mapya katika gunia la safari, alimuuliza:

"Neno ya batu bote unaipeleka mu nyumba ya muntu moja. Kesho nani atasema ulisema nini?"

"Yeye mwenyewe njo atasema," baba akamjibu.

Alikuwa anasema kweli kama alivyoijua. Kwao Burungu, mkubwa aliyepokea neno hivyo ndiye aliyekuwa na wajibu wa kulitoa nje.

Nilikwenda naye Goma kwa sababu nami nilikuwa na kazi huko. Alibeba gunia la maharagwe na kuku mwekundu, jike, aliyefungwa miguu kwa uzi wa mgomba. Njia nzima alimweka kuku magotini ili asikanyagwe, na gari liliporuka kwenye mashimo alimsemesha kwa sauti ndogo. Nyumbani kwa Mheshimiwa tulipokelewa vizuri, sitasema uongo. Mimi nilikaa uani na akina mama wa jikoni. Baba aliingizwa sebuleni, wakala bugali na samaki, wao wawili tu, na mlango ukafungwa kwa muda. Alipotoka uso wake ulikuwa umekunjuka. Mheshimiwa alitoka nyuma yake akiwa amemshika kuku, na kijana mmoja wa mawasiliano akawaomba wasimame karibu na maua. Akapiga picha. Mheshimiwa ana kuku mkono mmoja, mkono wa pili uko begani kwa baba. Baba anatabasamu.

Kwenye njia ya kurudi alinisimulia yote. Alikuwa amesema kila kitu, mstari, muuguzi, jina lililobadilishwa. Mheshimiwa alisikiliza bila kumkata, kisha akamwambia, "Nimesikia, Papa. Urudi ubaambie nimesikia." Baba alirudia maneno hayo kila mara gari liliposimama, kama mtu anayejifunza ujumbe ili asiukosee.

Picha ilifika Kalembe kabla yetu. Ilipita katika kundi la chama kwenye simu, na chini yake iliandikwa kwamba wazee wa Kalembe wamekuja kumshukuru Mheshimiwa kwa kuwateulia mgombea mzuri. Kijijini mtandao unapatikana juu ya kilima kimoja tu, lakini habari ya namna ile haihitaji mtandao ikishakuwa na mtu mmoja aliyepanda kilima. Tuliposhuka sokoni, watu walimsalimu baba bila kusimama. Mwanamke aliyeuza mafuta ya mawese alimuuliza, akiendelea kupima mafuta yake:

"Papa, ile kuku yako imetaga kandida?"

Kandida kwetu ni mgombea. Waliokuwa karibu walicheka. Baba alicheka nao kwa sababu hakuwa ameelewa. Nilimwonyesha picha baadaye, nyumbani. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza kama maandishi yale yanaweza kufutwa. Nikamwambia kijana wa Goma anaweza. Akaniuliza kama Mheshimiwa ameyaona. Nikamwambia lazima ameyaona.

Niliwaambia watu nilichokijua, lakini sikuwa sebuleni, na binti hawezi kuwa shahidi wa baba yake. Mjomba alimwamini, na alisema hivyo nyumbani kwetu, lakini mahali pengine sikumsikia akisema. Muuguzi aliacha kupita njia ya kwetu. Wengi hawakumkasirikia baba. Waliona tu kwamba mambo yamekuwa kama yanavyokuwa siku zote, kwamba mtu anatumwa na neno lenu, anarudi na lake. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza, kuona jinsi walivyoliona jambo lile kuwa la kawaida.

Kwa hiyo Mheshimiwa alipokuja kufungua kampeni, baba alikuwa amekwisha kuamua kutumia njia ya mama. Mkutano ulifanyika kwenye uwanja uleule wa shule. Mdogo wake Mheshimiwa alikuwepo, amevaa shati la kitambaa cha chama lenye mikunjo ya dukani bado. Nyimbo zilikuwa nyingi. Akina mama walicheza na vikwembe vyao vipya, yaani vitenge vya chama, mama yangu akiwa mstari wa mbele, kwa sababu alikuwa bado anakipenda chama. Ripoti zilipokwisha, mjomba alisimama, akatazama juu, akasema kwamba kwa sababu ya mvua diveri itaachwa mpaka siku nyingine. Mvua haikuwepo bado.

Baba alinyoosha mkono. Akavua kofia na kusimama, na watu wakanyamaza kwa sababu walimjua. Kinasa sauti changu kilikuwa kinafanya kazi. Haya ndiyo aliyosema:

"Onorable, miye niko mu hii chama tangu ile mti ya bendera ilikuwa mubichi. Nilikuja kwako, nilikuambia mu nyumba, ukasema umesikia. Sasa nasema mbele ya batu bote, sababu bamoja banafikiri nilikuja kukushukuru. Tulipanga mustari nyuma ya muntu. Muliandika jina ya mwingine. Kama mustari yetu haina kazi, mutuambie, tusipange tena. Sitoki mu chama. Nasema sababu niko ndani."

Akaketi. Kuna watu wa msitu waliopiga makofi, kisha wakaacha walipoona meza ya mbele haipigi.

Mheshimiwa alicheka kwanza, kicheko cha mtu mwenye nafasi. Alisema Papa huyu ni rafiki yake, alikula kwake, alimletea kuku, na picha iko, kila mtu ameiona. Ikiwa jana alishukuru na leo anatukana, basi katikati kuna mtu. Akainamia kipaza sauti, akauliza kwa upole: nani alimutuma? Kisha akaeleza kwamba chama kina maadui wa nje na maadui wa ndani, na wa ndani ndio wabaya, kwa sababu wanavaa kitambaa kimoja na sisi.

Msomaji wa mbali anaweza kuyaona hayo kuwa maneno ya siasa tu. Lakini wakati ule vita vilikuwa vinakaribia, na vijiji vya chini kando ya barabara vilikuwa vinaanza kuhama. Kila wiki tulipata watu wenye magodoro kichwani. Kuuliza mbele ya umati katika Masisi ya siku zile ni nani aliyemtuma mtu, hakukuwa kuuliza juu ya wagombea, kulikuwa kumtaja kuwa mtu wa waasi. Kila mtu uwanjani alijua maana yake, hata watoto.

Nilimtazama mjomba. Alikuwa ameketi mezani, upande wa kulia wa Mheshimiwa. Yeye ndiye aliyeongoza kikao kilichomtuma baba. Angeweza kusimama na kusema sentensi moja: ni sisi tulimutuma. Alitazama mikono yake. Alikuwa ameiweka juu ya meza, mmoja juu ya mwingine, na aliitazama mpaka Mheshimiwa alipomaliza. Halafu akaomba watu wasimame kwa sala ya kufunga.

Baba alisimamishwa uanachama. Hilo lilitangazwa katika mkutano uliofuata, mahali pa ripoti, si katika diveri. Vijana wa chama walikuja kuung'oa mti wa bendera. Walikuwa wanautikisa ili uvunjike, na baba akatoka na jembe, akawasaidia kuchimba, kwa sababu alijua ulivyokwenda chini. Walipoondoka nao begani alifukia shimo na kulikanyaga. Bendera alikuwa amekwisha kuwakabidhi, imekunjwa.

Nimefikiri sana, tangu wakati ule, juu ya kazi ya lawama ndani ya chama. Tunasema mara nyingi kwamba demokrasia ni vyama kupingana, na hilo redio yetu ililitangaza kila siku. Lakini mtu wa kijijini hakutani na demokrasia kwenye bunge. Anakutana nayo katika seksheni yake, siku anapotaka kuwaambia watu wake mwenyewe kwamba wamekosea, na kutazama watakachomfanyia. Baba alijaribu njia zote mbili alizozijua. Ya ndani wakaigeuza shukrani, ya nje wakaigeuza usaliti. Njia ya tatu, ya kunyamaza, ilikuwa wazi siku zote, na wengi walikuwa wamekwisha kuichukua.

Uchaguzi wenyewe haukutufikia. Vita vilikuja kwanza, na Masisi haikupiga kura. Kiti walichokigombania hakikukaliwa na muuguzi wala na mdogo wake Mheshimiwa. Sisi tulihama kwa miguu na kwa magari ya mizigo, tukapita Kitchanga, tukapita Sake, mpaka Shasha, kando ya ziwa. Redio yangu ilikuwa imefungwa. Mama alifunga vyombo vya jikoni katika kikwembe cha chama, kwa sababu ndicho kilichokuwa kipana na kigumu, na njia nzima uso wa Mheshimiwa, ulivyochapwa pale, ulikuwa umekunjamana juu ya sufuria.

Shasha ni pazuri kwa mtu aliyezaliwa kando ya maji. Baba alikuwa mtu wa mlima. Alikaa mbele ya turubai letu akigeuzageuza sambaza, dagaa wa ziwani, za wafanyabiashara zilizoanikwa juani, kazi waliyompa kwa huruma, naye aliifanya kwa mpangilio, samaki wote wakitazama upande mmoja. Watu wengi wa Kalembe walikuwa hapo pia. Neno lile la Mheshimiwa, kwamba baba anatumwa, lilihama pamoja nao. Siku moja vijana wenye bunduki waliokuwa wanalinda barabara walikuja kuuliza kama kati ya wakimbizi kuna watu wa adui. Mtu fulani, sijui nani, aliwaambia kwamba kuna mzee mmoja ambaye chama chake chenyewe kilisema anatumwa.

Walimchukua asubuhi. Mama alikaa kando ya barabara, hakula. Walimrudisha jua likielekea kuzama, wakisema hawakuona kitu. Alikuwa anatembea mwenyewe, lakini alishika ubavu, na tangu siku ile kikohozi hakikumwacha. Hakutusimulia walimfanya nini. Alisema kitu kimoja tu, na alikirudia hadi mwisho: kwamba mjomba, aliyejua, amwambie kila mtu wa Kalembe kwamba yeye alitumwa na seksheni. Hakutaka kurudishiwa kadi. Hakutaka hata Mheshimiwa aombe msamaha. Alitaka sentensi ile moja isemwe mbele ya watu, ili siku vijana wale wakirudi, pawe na mtu wa kuwajibu.

Mjomba alikuwa anaishi upande wa Minova. Aliposikia habari, alikuja. Alikuja na sambaza zilizofungwa katika jani, mkononi. Mama akapika. Wakala, yeye na baba, ndani ya turubai, na mimi nikiwa mlangoni. Walipomaliza kunawa mikono, mjomba akatoa neno lake, na nilipomsikia anavyoanza polepole nilielewa kwamba mtu wa msitu alikuwa amejifunza adabu za Burungu.

"Shemeji, nilikosa. Ile siku nilipashwa kusimama. Nilijua yote."

"Nimesikia," baba akasema. Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Sasa utoke inje, uiseme pale. Batu ya Kalembe biko hapa bote."

"Onorable iko na masikio hata hapa, shemeji. Niko na batoto."

"Miye pia niko na batoto. Huyu moja iko mu mulango." Hakuwa na hasira. "Ulinyamaza mbele ya batu. Mu nyumba hii siye bote tunajua. Unamwambia nani?"

Mjomba alilia. Baba alimpa muda, kisha akamwambia mama amfungie samaki waliobaki, awapelekee watoto wake. Alimsindikiza mpaka barabarani, akishika ubavu, na aliporudi alituambia kwamba mjomba atarudi kulisema, anahitaji tu kujipanga. Kila tulipoona mtu anashuka kutoka gari la Minova, baba aligeuza kichwa.

Alifariki wakati wa mvua. Tulimzika kwenye mteremko juu ya barabara, mahali ambapo udongo si mwingi na chini yake kuna mawe. Watu wa Kalembe walikuja, si wote. Wauza samaki wa Shasha walikuja, kwa sababu alikuwa amegeuza sambaza zao. Mjomba alifika na wanachama wachache, na katika mfuko wa plastiki alikuwa na bendera. Niliitambua kwa mshono wa pembeni, ambao mama aliushona mwaka panya walipoitafuna. Waliitandika juu ya jeneza bila kuuliza.

Kisha mjomba akasema. Alisema marehemu alikuwa mwanzilishi, militan, mtetezi wa kweli wa chama, mtu aliyepandisha bendera bila kulipwa, na kwamba chama hakitamsahau. Maneno yote yalikuwa ya kweli. Watu waliitikia. Alikuwa anataka kuanza sala, mama alipoongea kutoka pale alipoketi chini.

"Kaka, sema ile alisemaka."

Mama hakuinua sauti. Akarudia, "Mbele ya batu. Sema ile alisemaka, na nani alimutuma."

Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha. Mjomba alitazama mikono yake, kama siku ile, na nilidhani itakwisha hivyo. Lakini akainua uso, akasema. Alisema seksheni ndiyo iliyomtuma shemeji yake kwa Mheshimiwa. Alisema alikwenda na lawama wala si na shukrani, na maandishi ya ile picha yalikuwa ya uongo. Alisema tulipanga mstari na mstari wetu ukatupwa, na mtu aliyeuliza juu yake hakutumwa na adui yeyote. Aliyasema yote mpaka mwisho. Watu wa Kalembe waliinamisha vichwa. Muuza samaki mmoja alimwuliza jirani yake ni mstari gani huo.

Kwa kitambo kidogo nilijisikia kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Kisha mjomba akanitazama. Alijua kazi niliyokuwa nikifanya, na alijua bado nina watu katika redio. Akanisogelea, na pale pale, kando ya kaburi lililo wazi, akasema, si kwa siri kabisa:

"Mutoto, hii isifike Goma."

Mama alisikia. Alisimama, akajipangusa udongo, akaenda kwenye jeneza na kuondoa bendera. Aliikunja kama baba alivyokuwa akiikunja, pembe kwa pembe, ingawa ilikuwa imelowa, akampa mjomba mikononi.

"Basi haujasema," alimwambia.

Wakashusha jeneza.

Sasa hakuna seksheni ya Kalembe. Wanachama wake wametawanyika, wengine Goma, wengine ng'ambo ya ziwa, wengine hatujui. Muuguzi nimesikia anazalisha akina mama katika kambi moja. Mheshimiwa anaongea redioni mara kwa mara, na husema msingi uko imara. Mama na mimi bado tuko Shasha. Wiki iliyopita nilimsomea kurasa hizi zote, naye alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza, aliniuliza kwa nini baba hana jina humu. Nilimweleza kwamba nikiandika jina la baba, jina la mjomba litajulikana lenyewe, na mjomba ana watoto, na vijana wenye bunduki bado wako barabarani.

Alifumbua macho. Nje, watu walikuwa wanakusanya sambaza kabla ya mvua.

"Na weye," alisema, "njo ile ile tu ya mjomba wako."